Koti jeupe lisivuke mlango wa maabara

Wanafunzi wengi huogopa moto na mitambo ya maabara, ilhali hatari iliyo kubwa zaidi huwafuata kimya kimya hadi nyumbani.

IKIWA umewahi kushuka basi pale Busia au Malaba, basi wayajua mambo ya mpakani. Kuna malori yaliyopanga foleni, wabadilishaji pesa wenye mabunda mkononi, kina mama na vikapu vya omena na nyanya, na vijana wa boda boda, ambao jina lao lenyewe lilizaliwa papa hapa Busia miaka ya 1960, wakati baiskeli zilipobeba abiria kutoka kituo kimoja cha mpaka hadi kingine. Katika pilikapilika zote hizo, kila mtu anaijua sheria moja: mzigo hauvuki kabla ya kukaguliwa.

Lakini kuna mpaka mwingine ambao wachache huutilia maanani. Mpaka huo ni mlango wa maabara.

Bila shaka umewahi kumwona kijana wa chuo aliyevalia koti jeupe akiwa amesimama kwenye kibanda cha chai, mkono mmoja simu na mwingine mandazi. Wapita njia humwita daktari, naye hutabasamu. Jioni hupanda boda boda, koti likipepea nyuma yake. Akifika nyumbani hulitundika msumarini karibu na meza ya chakula, au mama, kwa fahari ya mtoto aliyesoma, hulichukua na kulitia katika karai moja na nepi za mjukuu. Hakuna aliyekusudia ubaya. Lakini je, umewahi kujiuliza koti lile limegusa nini mchana kutwa?

Kisa cha kalamu na daftari

Usidhani haya ni maneno ya kutishana. Kati ya Agosti 2010 na Juni 2011, watu 109 katika majimbo 38 ya Marekani waliugua kwa kuhara, homa na maumivu makali ya tumbo. Mmoja wao alifariki. Wagonjwa hao walitawanyika kote nchini, na mwanzoni haikujulikana ni kitu gani kilichowaunganisha.

Wachunguzi wa afya walipofuatilia, waligundua kwamba bakteria waliowaangusha watu hao, aina ya salmonela, walikuwa sawa na wale wanaouzwa kwa ajili ya kufundishia katika maabara. Wengi wa wagonjwa walikuwa wanafunzi au wafanyakazi wa maabara. Jambo la kuhuzunisha zaidi ni kwamba miongoni mwa walioumwa kulikuwa na watoto wadogo ambao hawakuwahi kukanyaga maabara maishani mwao. Kosa lao lilikuwa moja tu: kuishi nyumba moja na mwanafunzi.

Bakteria walifikaje nyumbani? Wataalamu walinyoosha kidole kwa vitu tunavyovidharau: mikono isiyonawiwa, kalamu, daftari, mkoba, simu na lile koti. Mwanafunzi hugusa kisahani cha vijidudu, kisha hushika kalamu, kisha huweka kalamu mdomoni akiwaza jibu. Daftari lililolala kwenye meza ya maabara saa tisa hulala kwenye meza ya chakula saa moja jioni. Mlipuko wa aina hiyo hiyo ulirudi 2014, na tena 2017. Na tusisahau kwamba salmonela ni ukoo mmoja na kiini cha homa ya matumbo, ugonjwa tunaoufahamu vyema huku kwetu.

Maabara zi karibu kuliko unavyofikiri

Watu wa Busia hawana haja ya kuvuka bahari ili wazione maabara. Kando ya barabara inayotoka Busia kwenda Malaba kuna Alupe, jina lililozoeleka katika utabibu tangu zama za ukoloni. Hapo ndipo wagonjwa wa ukoma walipotibiwa na ugonjwa wao kuchunguzwa. Hapo pia palikuwa na hospitali ya rufaa ya malale, ule ugonjwa unaoletwa na mbung'o. Mnamo Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Kenya imeyashinda malale kama tishio kwa afya ya umma. Nyuma ya ushindi huo kuna watu waliokaa miaka mingi wakichungulia damu kwa darubini, tone baada ya tone, huku wakijikinga wasije wakajichoma sindano na kujitia ugonjwa waliotaka kuuondoa.

Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu, KEMRI, ina kituo chake hapo Alupe. Mwaka wa 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia, madereva wa malori walitakiwa kupimwa kabla ya kuvuka, na foleni ikanyooka kilomita nyingi kutoka Malaba kuelekea Bungoma. Maabara ya Alupe ilikuwa miongoni mwa zile zilizopima sampuli za madereva hao. Eneo hilo hilo lina kituo cha shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, KALRO, na Chuo Kikuu cha Alupe, kilichopewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili mnamo 2022. Ng'ambo ya mpaka, upande wa Uganda, kuna Chuo Kikuu cha Busitema.

Maana yake ni kwamba vijana wengi wa eneo hili, na wengine wanaotoka Nairobi, Kisumu na Eldoret, huenda wakapitia maabara za kibayoteknolojia, yaani elimu ya kutumia viumbe hai na jeni zao kutengeneza dawa, chanjo, vipimo na mbegu bora. Ni elimu yenye ajira na heshima. Lakini kama ilivyo kwa moto wa jikoni, humnufaisha anayeujua na humchoma anayeuchezea.

Funzo la tumbili kutoka Uganda

Mnamo Agosti 1967, wafanyakazi wa maabara katika mji wa Marburg nchini Ujerumani walianza kuugua homa ya ajabu iliyoishia katika kutokwa na damu. Wenzao wa Frankfurt na Belgrade wakafuata. Walikuwa wakichukua figo za tumbili kwa ajili ya utafiti na utengenezaji wa chanjo, na tumbili hao walikuwa wameletwa kutoka Uganda. Watu 31 waliambukizwa na 7 wakafariki. Wengi wa walioumwa kwanza ni wale waliogusa damu na viungo vya wanyama hao bila kinga ya kutosha. Baadaye waliowauguza nao wakaugua. Virusi hivyo vikapewa jina la mji ule, na hadi leo vinaitwa Marburg.

Unaweza kusema kwamba hao walikumbana na kiini kisichojulikana, na kwamba mwanafunzi hupewa vijidudu dhaifu. Ni kweli kwamba maabara hupangwa kwa ngazi nne za usalama kulingana na hatari ya viini vyake, na kwamba wanafunzi aghalabu hufanya kazi katika ngazi mbili za chini. Lakini hata udhaifu una mipaka yake. Mnamo 2009 mtafiti Malcolm Casadaban wa Chuo Kikuu cha Chicago alifariki baada ya kuambukizwa bakteria wa tauni waliokuwa wamedhoofishwa. Bakteria hao walikuwa wamepungukiwa na uwezo wa kujitafutia madini ya chuma mwilini, na hiyo ndiyo iliyokuwa kinga ya watafiti. Bahati mbaya, mwenyewe alikuwa na hali ya kurithi, iliyogunduliwa baada ya kifo chake, inayoujaza mwili madini hayo hayo. Mdudu dhaifu akapata alichokosa.

Kwa hivyo, ewe mwanafunzi, ikiwa una mimba, una ugonjwa wa seli mundu, unatumia dawa zinazopunguza kinga ya mwili, au una kidonda mkononi, mweleze msimamizi wako faraghani kabla ya somo. Kufanya hivyo ni busara wala si aibu.

Kabla hujaingia

Usalama huanza mlangoni. Vaa viatu vilivyofunika vidole. Ndara ziache bwenini. Funga nywele ndefu, na ukivaa leso au buibui, pindia ncha zake ndani ya koti zisiguse meza wala moto. Mkoba, chupa ya maji, chakula na simu vibaki nje au kwenye kabati lililotengwa. Kalamu na daftari la maabara viwe vya maabara pekee. Wengine huifunga kalamu kwa uzi kwenye meza ili isitoroke, na ni hila nzuri. Kama ni lazima uende na matokeo nyumbani, yanakili kwenye daftari jingine baada ya kunawa mikono.

Fika ukiwa umesoma zoezi la siku hiyo. Asiyejua hatua inayofuata ndiye huchungulia kwa mwenzake, akapiga kiwiko chupa, ikamwagika.

Ukiwa mezani

Usile, usinywe, usitafune chingamu, usijipake mafuta ya midomo. Usifyonze kitu chochote kwa mdomo kwa kutumia mrija wa kioo, hata kama ni maji. Vipo vifyonzi vya mkono kwa kazi hiyo. Wala usiinue kisahani cha vijidudu ukakinusa. Ugonjwa wa brusela, unaojulikana na wafugaji wengi kwa kupitia maziwa yasiyochemshwa, ni miongoni mwa magonjwa ambayo wafanyakazi wa maabara duniani wamekuwa wakiyapata mara kwa mara, na njia yake mojawapo ni pumzi.

Glavu husaidia, lakini wengi huzitumia vibaya. Mwanafunzi huvaa glavu, hushika damu, kisha kwa glavu hizo hizo hufungua mlango, hujikuna pua na kupokea simu. Huyo amejikinga yeye kwa dakika moja na kuwaambukiza wenzake kwa siku nzima. Vua glavu kwa kuzigeuza ndani nje, zitupe panapostahili, kisha nawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka, ukisugua kati ya vidole na chini ya kucha. Glavu haziondoi haja ya kunawa.

Wanaochunguza DNA hutumia taa ya miale isiyoonekana kwa macho ili kuona michirizi yake. Miale hiyo huunguza macho na ngozi kama jua kali, nawe hutajua hadi usiku macho yatakapowasha kama yaliyotiwa mchanga. Vaa ngao ya uso, na usiinue kifuniko kwa ajili ya kutaka kuona vizuri zaidi.

Sindano na vioo

Wengi hujichoma si wakati wa kutoa damu, bali wakati wa kuirudisha sindano kwenye kifuniko chake. Usiirudishe. Itie moja kwa moja katika kisanduku kigumu kisichotoboka, na kisanduku kikijaa robo tatu kifungwe. Kioo kilichovunjika kiokotwe kwa koleo au kwa ufagio na kizoleo, kamwe si kwa vidole.

Ukijichoma, osha mahali hapo kwa sabuni na maji mengi. Usikamue, usinyonye. Kisha nenda hospitali mara moja. Wataalamu wanakadiria kwamba katika watu 1,000 waliochomwa na sindano yenye damu ya mwenye virusi vya ukimwi, takriban 3 huambukizwa. Kwa ugonjwa wa ini aina ya B, asiyechanjwa yumo hatarini zaidi: hadi watu 30 katika kila 100. Dawa za kuzuia virusi vya ukimwi huanzwa haraka iwezekanavyo, wala si baada ya saa 72, na humezwa kwa siku 28. Chanjo ya ini hutolewa kwa dozi tatu kwa kawaida, na wakati wa kuipata ni kabla ya kuanza kushika damu.

Jiki ina adabu yake

Karibu kila nyumba ina jiki, na kwa sababu hiyo tunaidharau. Maabarani, dawa ya kufutia viini hutengenezwa mara nyingi kwa kipimo kimoja cha jiki na vipimo tisa vya maji. Kitu kikimwagika, funika kwa tambara au karatasi, mimina dawa ukianzia pembeni kuelekea katikati, subiri dakika 10 ndipo ufute. Anayefuta papo hapo hutandaza viini badala ya kuviua.

Usichanganye jiki na asidi, maana hutoa gesi ya klorini inayochoma mapafu. Kuna hatari nyingine ambayo mama jikoni hana sababu ya kuijua, lakini mwanafunzi wa maabara lazima aijue. Vipimo vingi vya DNA na virusi, vikiwamo vile vya korona, hutumia kemikali iitwayo guanidini thayosianeti kwa kuvunja viini. Kemikali hiyo ikikutana na jiki hutoa gesi za sumu, mojawapo ikiwa ya sianidi. Taka za vipimo hivyo zina chombo chake. Soma kibandiko kabla ya kumimina.

Visahani vya vijidudu vilivyokwisha kutumika havitupwi jalalani wala kuoshwa kwenye sinki. Hupikwa kwanza kwa mvuke katika mtungi wa presha, joto la nyuzi 121, kwa dakika zisizopungua 15. Mtungi huo usifunguliwe kabla presha haijashuka.

Kipande cha muhogo

Hatari nyingine haimgusi mwanafunzi mwenyewe. Huligusa shamba la jirani.

Wazee wa Busia na Teso wanakumbuka jinsi mihogo ilivyokauka katikati ya miaka ya 1990. Ugonjwa mkali wa batobato ulitoka Uganda na kuingia magharibi mwa Kenya, ukibebwa na inzi weupe na pia na vipande vya miche ambavyo watu waligawiana kwa nia njema. Ugali wa muhogo na wimbi ukawa adimu. Baadaye ukaja ugonjwa wa michirizi ya kahawia, unaoozesha muhogo ungali ardhini.

Ndiyo maana watafiti walitengeneza muhogo uliobadilishwa jeni ili ustahimili michirizi hiyo. Alupe ilikuwa mojawapo ya sehemu ulikojaribiwa humu nchini, katika mashamba yaliyotengwa. Mnamo Juni 2021 Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama wa Kibayolojia, NBA, iliyoundwa chini ya sheria ya 2009, iliidhinisha muhogo huo uingie katika hatua ya kupandwa nje ya mashamba hayo kwa majaribio zaidi. Iwe unaunga mkono mazao ya aina hiyo au unayapinga, kanuni ya maabara ni moja: kipande cha jaribio hakitoki. Shamba la aina hiyo huzungushiwa ua, vifaa husafishwa kabla ya kutoka, na mabaki huteketezwa.

Fikiria basi mwanafunzi anayetia pingili moja mfukoni amletee nyanya yake kijijini kwa sababu imependeza. Muhogo huota kwa pingili. Nyanya atampa jirani, jirani atamvushia shemeji yake upande wa Uganda, na kabla ya mwaka kwisha hakuna ajuaye kilipofika kitu ambacho hakijapimwa kikamilifu.

Ukipata ajali, sema

Wanafunzi wengi huficha ajali. Anayevunja chupa huogopa kulipishwa. Anayejichoma huogopa kuchekwa. Anayemwaga vijidudu huogopa kunyimwa alama. Basi hufuta haraka, hunyamaza na kwenda zake. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua. Saa 72 za dawa hazimngoji mwenye haya.

Kila maabara inapaswa kuwa na kitabu cha ajali, na kuandika humo kusiwe adhabu. Walimu nao wana wajibu: mwalimu anayemfokea mwanafunzi aliyesema ukweli amewafundisha wengine 40 wanyamaze. Na ukipatwa na homa au kuhara siku chache baada ya somo, mwambie daktari kwamba unafanya kazi maabarani na ni viini gani mlivyoshika. Neno hilo moja laweza kumwondolea kazi ya kubahatisha.

Mzazi nawe

Mzazi mpendwa, unapolipa karo una haki ya kuuliza. Je, wanafunzi hupewa mafunzo ya usalama kabla ya somo la kwanza la vitendo? Kuna maji na sabuni karibu na mlango? Kuna sanduku la huduma ya kwanza, mahali pa kuoshea macho, kizima moto na kisanduku cha sindano? Bomba likikauka, kama linavyokauka katika miji yetu mingi, mtungi wenye mfereji chini na sabuni ya kipande hutosha kuokoa siku. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 huwataka wenye mahali pa kazi walinde waliomo, kwa hivyo mzazi anayeuliza haombi hisani.

Na kuhusu lile koti: mahali pake ni maabarani. Chuo kisichokuwa na dobi wake, basi koti litolewe likiwa ndani ya mfuko uliofungwa, lifuliwe peke yake kwa maji moto na sabuni, lianikwe juani. Lisiingie karai la nepi.

Tunajua linavyopendeza kwenye picha. Mpige kijana picha siku koti likiwa jipya, kabla halijaingia kazini, uitundike ukutani na kujivunia. Kisha Jumapili hii, mkiwa mezani, muulize mwanafunzi wako swali moja tu: "Mwanangu, koti lako liko wapi sasa hivi?" Akikuambia liko sebuleni, acheni chakula kwanza, mkaliondoe pamoja na kunawa mikono. Kinga ni bora kuliko tiba.